Mawasiliano ya Kwanta: Njia Ikiwa Salama, Mlango Je?

(Mada niliyoitoa kwenye semina ya vijana wa chama. Nimeiandika karibu kama nilivyoizungumza, nimepunguza maneno machache tu.)



Nimepewa nusu saa nizungumzie mawasiliano ya kwanta. Najua wengine mlipoona hilo jina kwenye ratiba mlijiuliza, hii ni fizikia ya kidato cha sita au ni siasa? Ni vyote viwili. Na nitaanza na uchaguzi, kwa sababu uchaguzi ni miongoni mwa kazi za kwanza kabisa teknolojia hii ilizopewa ilipotoka maabara.

Oktoba 2007 Uswisi ilifanya uchaguzi wa bunge. Katika jimbo la Geneva, kura zilihesabiwa kwenye kituo kikuu cha kuhesabia, halafu takwimu zikatumwa kwenye kituo cha data cha serikali ya jimbo. Ile njia ya kutoka kituo kimoja kwenda kingine ililindwa kwa ufunguo wa kwanta. Yaani kama mtu angejaribu kuingilia mawasiliano yale katikati, mashine zingejua.

Sasa niwaulize. Wananchi wa Geneva wanaamini matokeo yao kwa sababu ya kwanta? Hapana. Walikuwa wanayaamini kabla ya hapo. Kwanta ililinda kipande kimoja cha safari ya matokeo: waya. Aliyehesabu, aliyesimamia, aliyeandika namba kwenye mashine, hao wote hawakuguswa na kwanta. Naomba mshike hilo, maana ndilo nitakalolirudia mpaka mchoke.

INAFANYAJE KAZI?

Tuanze na siri ya kawaida. Ukimtumia mwenzako ujumbe WhatsApp, ujumbe unasimbwa: unavurugwa kwa ufunguo, na mwenye ufunguo peke yake ndiye anaweza kuupanga upya. Shida ya miaka yote imekuwa moja: huo ufunguo mnapeanaje wakati mko mbali? Leo tunatumia hesabu. Kuna hesabu rahisi kwenda, ngumu kurudi. Kuzidisha namba mbili kubwa ni kazi ya sekunde, lakini ukipewa jibu tu ukaambiwa utafute zile namba mbili, kompyuta za kawaida zinaweza kuhangaika miaka na miaka. Usalama wetu umekaa juu ya huo ugumu.

Mwaka 1994 mwanahisabati Mmarekani, Peter Shor, alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta, ikitengenezwa kubwa ya kutosha, itafanya hiyo hesabu ngumu kuwa nyepesi. Kompyuta ya ukubwa huo bado haijatangazwa popote, lakini nchi kubwa na makampuni makubwa wanaikimbilia.

Miaka kumi kabla ya Shor, mwaka 1984, Charles Bennett wa IBM na Gilles Brassard wa Montreal walikuwa wameshafikiria njia nyingine. Badala ya kuutegemea ugumu wa hesabu, tegemea tabia ya mwanga wenyewe. Mwanga unakuja kwa punje ndogo sana zinazoitwa fotoni. Fotoni moja ni kama yai: huwezi kuona kiini bila kuvunja ganda. Ukiipima, unaibadilisha. Na huwezi kuitoa nakala. Hilo lilithibitishwa kihisabati mwaka 1982.

Kwa hiyo wanafanya hivi. Mtumaji anatuma fotoni moja moja, kila moja akiipa mwelekeo: wima, mlalo, au mshazari wa upande huu au ule. Mpokeaji hajui, anabahatisha namna ya kupima: mara anapima kwa msalaba ulionyooka, mara kwa msalaba wa mshazari. Baadaye wanapigiana simu ya kawaida, hata mkisikiliza haidhuru, wanaambiana "mimi hii nilipima kwa namna hii" bila kutaja jibu. Pale walipolingana, kama nusu hivi, wanabaki napo. Pale walipopishana wanatupa.

Halafu wanachukua sampuli kidogo ya walizobaki nazo, wanalinganisha majibu. Kama hakuna mtu katikati, majibu yanafanana, ukiondoa makosa madogo ya mitambo. Kama kuna jasusi aliyezidaka fotoni zote, akazipima, kisha akatuma nyingine badala yake, karibu robo ya sampuli itakuwa imeharibika. Hapo wanajua: tumeingiliwa, tupa ufunguo, anza upya. Kama ni safi, zilizobaki ndizo ufunguo, na ndipo ujumbe wenyewe unasimbwa na kutumwa kwa njia ya kawaida.

Hapo ndipo utamu wake ulipo. Mlinzi wa kawaida anamzuia mwizi. Huyu mlinzi kazi yake ni kukwambia kwamba mwizi amepita.

IMEFIKA WAPI?

Imefika mbali. Agosti 2016 China ilirusha setilaiti ya Micius, na Septemba 2017 wanasayansi wa Beijing na Vienna wakazungumza kwa video iliyolindwa na ufunguo uliopitia setilaiti hiyo, umbali wa kilomita 7,600. Mwaka huohuo wakazindua mkongo wa kwanta wa Beijing hadi Shanghai, kilomita 2,000.

Na msidhani Afrika haimo. Durban walishaanza kuijaribu kwenye nyaya za mji tangu mwaka 2008, na Kombe la Dunia la 2010 uwanja wa Moses Mabhida uliunganishwa na kituo cha usalama kwa njia hii. Oktoba 2024 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, wakishirikiana na Wachina, walipokezana ufunguo kati ya Stellenbosch na Beijing kupitia setilaiti ndogo, umbali wa zaidi ya kilomita 12,900. Kwa hiyo kijana wa PCM aliyekaa hapa akidhani fizikia yake haina kazi, kazi ipo, na ipo bara hili hili.

NANI ANASHIKA FUNGUO MOROGORO?

Sasa tuje kwetu. Fotoni zinapopita kwenye mkongo zinapotea njiani. Kwenye mkongo mzuri, baada ya kilomita 100 inabaki moja katika kila mia. Dar es Salaam hadi Dodoma kwa barabara ni kama kilomita 450. Piga hesabu: inafika fotoni moja katika kila bilioni. Na kuipa nguvu katikati kama tunavyofanya kwa intaneti ya kawaida haiwezekani, kwa sababu hairuhusu kunakiliwa.

Wanafanyaje? Wanaweka vituo njiani. Ule mkongo wa Beijing na Shanghai una vituo 32. Kwenye kila kituo ufunguo unatolewa kwenye mwanga, unakuwa namba za kawaida ndani ya mashine, halafu unasafirishwa tena hadi kituo kinachofuata. Wataalamu wanaviita vituo vya kuaminika. Jina zuri kabisa. Lakini maana yake ni kwamba mwenye kituo anaweza kuuona ufunguo. Lazima umwamini, hakuna namna.

Sasa tuseme kesho Tanzania inajenga mkongo wa kwanta. Utapita wapi? Utapita kwenye Mkongo wa Taifa, ambao ni mali ya serikali na unaendeshwa na TTCL. Kituo kitakaa Morogoro. Simlaumu mfanyakazi yeyote wa TTCL, wengine ni ndugu zetu. Nasema tu kwamba fizikia inamzuia mchimba mtaro asiibe mawasiliano yako porini Mikese, lakini haimzuii mwenye jengo. Anayezuiwa na sheria ni mwenye jengo. Kama sheria ni dhaifu, au ipo kwenye karatasi tu, kwanta itakuwa imekulinda dhidi ya kila mtu isipokuwa yule uliyekuwa unamhofia.

Na si mimi tu ninayesema hivi kwa chuki za kisiasa. Kituo cha usalama wa mtandao cha Uingereza, NCSC, kimesema wazi hakiungi mkono njia hii kwa matumizi ya serikali na jeshi lao. NSA ya Marekani nayo haiipendekezi kwa mifumo yao ya usalama wa taifa mpaka udhaifu wake utatuliwe. Sababu mojawapo ni hivyo vituo. Nyingine ni kwamba kwanta haikwambii aliye upande wa pili ni nani. Inakuhakikishia hakuna mtu katikati. Haikuhakikishii kwamba unayeongea naye ni kamanda na si pandikizi. Hilo lazima mlijue kwa njia nyingine kabla hamjaanza.

Halafu kuna mashine zenyewe. Mwaka 2010 watafiti, mmoja wao Vadim Makarov, walionyesha kwamba vipokezi vya mitambo iliyokuwa inauzwa madukani vinaweza kupofushwa kwa mwanga mkali, jasusi akachukua ufunguo wote bila kengele kulia. Fizikia haikukosea. Kifaa ndicho kilichokosea. Tena hili lilianza siku ya kwanza: jaribio la Bennett na wenzake mwaka 1989, fotoni zilisafiri kama sentimita 30 tu, juu ya meza. Brassard amesimulia kwa utani kwamba mtambo ule ulikuwa salama kabisa, mradi jasusi awe kiziwi. Kwa sababu mashine ilitoa mlio tofauti kwa kila mwelekeo wa fotoni!

Sasa makamanda, simu zetu zinapiga mlio namna gani?

SIRI INA UMRI

Wengine mtasema, sisi hatuna mkongo wa kwanta, mada hii ni ya Wachina. Hapana. Inakuhusu leo, na nitakwambia kwa nini.

Mwenye uwezo wa kunasa mawasiliano hana haja ya kuyafungua leo. Anayahifadhi. Siku kompyuta ya kwanta ikipatikana, anayafungua. Kusanya leo, fungua kesho. Kwa hiyo kila siri lazima uiulize umri wake. "Tunakutana saa nne pale kwa mama lishe" ni siri ya siku moja. Kesho kutwa haina thamani. Lakini jina la mwalimu wa shule ya kata anayetuchangia kimya kimya? Hiyo ni siri ya miaka yote aliyobakiza kazini. Jina la nesi aliyempokea majeruhi wetu usiku, akamtibu bila kuuliza maswali? Hiyo ni siri ya maisha yake.

Hayo majina yapo kwenye simu yako, lakini si mali yako. Wewe umechagua kusimama jukwaani, umevaa kombati, picha yako iko kila mahali. Yeye hakuchagua hivyo. Alikuamini wewe tu.

Habari njema ni kwamba dawa ya hili imeshaanza kuingia kwenye simu, na haihitaji mkongo mpya. Wanahisabati wametengeneza hesabu mpya ambazo inaaminika hata kompyuta ya kwanta haitaziweza. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu vya kwanza. Signal walianza kuweka kinga ya aina hiyo Septemba 2023. Apple waliiweka kwenye iMessage mwaka 2024. Maana yake, ukiambiwa programu yako inataka kusasishwa, usiseme "itamaliza bando". Sasisha.

Na kuanzia leo, ukikutana na mtu anauza "laini ya kwanta" au "simu isiyodukuliwa milele", mpishe. Huyo anakuuzia maji ya baraka kwenye chupa ya dawa.

KILICHO WAZI NA KILICHO SIRI

Nirudi kwenye uchaguzi. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, kwa majaji wanne dhidi ya wawili, ilifuta uchaguzi wa rais. Moja ya mambo makubwa yaliyobishaniwa lilikuwa namna matokeo yalivyosafirishwa, na tume kushindwa kufungua seva zake zikaguliwe kama mahakama ilivyoagiza. Mwaka 2022 tume ya Kenya ikafanya nini? Haikununua kwanta. Iliweka picha za fomu za matokeo ya urais kutoka vituo zaidi ya elfu 46 kwenye tovuti, kila mtu azione. Vyombo vya habari vikajumlisha, vijana majumbani wakajumlisha. Kesi ilifunguliwa tena, mahakama ikayathibitisha matokeo, lakini mabishano yalifanyika juu ya karatasi ambazo kila Mkenya mwenye bando alishaziona.

Hapo kuna funzo. Matokeo ya kituo si siri. Yanahitaji kutoghushiwa, na dawa kubwa ya kughushi ni macho mengi. Jina la aliyepiga kura na alimpigia nani, hiyo ndiyo siri. Mambo ya umma yawe wazi, mambo ya mtu yawe siri. Kwetu hapa mambo yamegeuzwa. Mtu anasajili laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA, anajulikana yeye na aliyempigia na saa ngapi. Lakini matokeo ya urais yakishatangazwa, Katiba ibara ya 41(7) inazuia mahakama yoyote kuyachunguza. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapo hapo Arusha, ilishasema Julai 2020 kwamba kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika.

Na kuna jambo ambalo kwanta haiwezi kabisa. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ilizimwa nchini, na ikakaa hivyo siku kadhaa. Mnaikumbuka, sina haja ya kuisimulia. Ufunguo mzuri kuliko wote duniani haufungui mlango uliojengewa ukuta. Usalama wa mawasiliano una sehemu mbili: asisikie asiyehusika, na afikiwe anayehusika. Fizikia inasaidia ile ya kwanza. Ya pili ni siasa tupu.

TUFANYE NINI?

Nina mambo manne.

Moja, tujisafishe wenyewe. Kundi la WhatsApp lina watu 900, halafu mtu anaandika "hii ni siri, isitoke humu". Isitoke iende wapi, ndugu yangu, imeshatoka! Orodha ya mawakala na namba zao za simu haitumwi kwenye kundi. Ya kata inakaa kwa katibu wa kata, ya jimbo kwa wa jimbo, na ikimaliza kazi inafutwa. Washa ujumbe unaojifuta. Weka namba ya siri ya pili kwenye WhatsApp. Funga simu kwa tarakimu sita, siyo mwaka wako wa kuzaliwa.

Mbili, chama nacho ni mtunza taarifa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haisemi wanaotakiwa kulinda taarifa ni serikali na benki peke yao. Fomu ya uanachama ina jina, simu, makazi. Tukidai wengine waziheshimu taarifa zetu, tuonyeshe sisi tunazitunza vipi. Nitamwomba katibu wetu atuambie leo leo: daftari la wanachama liko wapi, na nani ana nakala?

Tatu, tuidai sheria. Katiba ibara ya 16 inatupa hifadhi ya mawasiliano binafsi, na ibara ya 18 haki ya kutoingiliwa katika mawasiliano. Kwenye madai yetu ya Katiba Mpya tuweke wazi: anayetaka kusikiliza simu ya mtu apate kwanza kibali cha jaji, na intaneti isizimwe kwa amri ya ofisi. Na matokeo ya kila kituo yawekwe mtandaoni siku hiyo hiyo.

Nne, tusome. Mnaochukua fizikia, hisabati, kompyuta, msikimbie. Siku mkongo wa kwanta utakapoletwa hapa, utaletwa kwa mkataba, na mkataba utakuwa na kifungu kinachosema vituo vinasimamiwa na nani. Nataka siku hiyo bungeni awepo mtu wetu anayejua kifungu hicho kiko ukurasa wa ngapi, na anayeelewa kwa nini ndicho kifungu chenyewe.

Nimemaliza, ndugu mwenyekiti. Kabla ya maswali, kila mmoja atoe simu yake, aangalie mara ya mwisho alisasisha lini. Wale ambao ni zaidi ya miezi sita, njooni mbele hapa kwa huyu binti mwenye kipakatalishi, atawasaidia.

Karibuni kwa maswali.